Semesta ya mwisho Bagamoyo: mradi wa utafiti, chumba na karatasi za kuondokea chuo. Nianzie wapi?

binti_nianjema

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu mambo vipi.

Niko mwaka wa mwisho wa diploma ya uvuvi (NTA level 6), chuo kimoja hapa Bagamoyo. Semesta imeanza Machi na zimebaki wiki 15 mpaka mtihani wa mwisho. Mbele yangu kuna moduli tano, sapu (mtihani wa marudio) moja ya semesta iliyopita, na mradi wa utafiti ambao mada yake imerudishwa kwa maelezo kwamba ni pana mno. Nilipeleka "Hali ya uvuvi katika pwani ya Bagamoyo". GPA inacheza kwenye 2.9 na nia yangu ni kuunganisha digrii.

Naomba msaada kwenye mambo haya. Mada niibane vipi, na nipime samaki wangapi ili ripoti isikataliwe? Mkataba wa chumba changu unaisha mwezi mmoja kabla ya mtihani na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita tena, hapo inakuwaje? Na zile karatasi za mwisho, majina, klirensi, cheti, zinaanza kushughulikiwa lini? Watu wanasema "baadaye" lakini naona waliomaliza mwaka jana bado wanazunguka ofisini.

Ripoti ni ya Kiingereza, ila ufukweni ni Kiswahili tu.

---

Mzee_wa_Takwimu

Marahaba mwanangu.

Msimamizi wako yuko sahihi. "Hali ya uvuvi" ni kazi ya wizara nzima. Mada ya diploma itaje vitu vinne waziwazi: samaki gani, zana gani, wapi, na unapima nini. Mfano: "Urefu na uzito wa tasi wanaovuliwa kwa madema (mitego ya kusukwa) na kushushwa soko la samaki Bagamoyo mjini, Aprili hadi Juni". Hiyo haina makeke, lakini inamalizika. Ukiongeza swali moja tu juu yake, kwa mfano kama tasi wa bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) wanatofautiana kwa urefu na wale wa maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), tayari una kitu cha kujadili sura ya nne na msimamizi hatakuuliza "kwa hiyo?".

Sasa idadi. Kuna fomula ya Yamane ambayo wanafunzi wanaibandika kila mahali, n = N/(1+Ne²), yaani n ni idadi ya kuhoji, N ni jumla yao, e ni kosa unalokubali. Ile ni ya kuhesabu watu wa kuhoji pale unapojua jumla yao, na imejengwa juu ya maswali ya asilimia (ndiyo/hapana). Wavuvi wa madema wakiwa 180 kwenye daftari, ukichagua kosa la asilimia 10 unapata 180/2.8, yaani 65. Ukichagua asilimia 5 unapata 180/1.45, yaani 125, na hao hutawamaliza na moduli tano mgongoni. Lakini kwa samaki fomula hiyo haina kazi: N ya samaki wa baharini huijui. Wajumbe wa jopo wanaopenda kubana wanaanzia hapohapo.

Kwa samaki fikiri hivi. Utachora grafu ya urefu yenye madaraja ya sentimita 1. Tuseme tasi wako wanaanzia sm 10 hadi 35, hayo ni madaraja 25 hivi. Ili grafu isiwe na mapengo kama meno ya mtoto wa miaka saba, unataka wastani wa samaki 10 na kitu kwa daraja. Unafika 300. Inatosha.

Kinachoharibu kazi za wengi ni namna wanavyozipata hizo 300. Mtu anakwenda siku moja, anakuta chombo kimoja kimejaa, anapima 300, anarudi chuo anacheka. Hiyo si sampuli ya 300. Samaki wa madema yaliyotegwa sehemu moja wanafanana: wamekaa mwamba mmoja, rika lao linakaribiana. Kwa hesabu za kitaalamu umepima chombo kimoja. Afadhali siku 10, kila siku vyombo 5, kila chombo samaki 6. Jumla ni ileile 300, ila sasa una vyombo 50 tofauti ndani yake, na jibu lako lina uzito.

Ratiba kwa wiki zako 15: wiki ya 1 na 2 mada na barua. Ya 3 majaribio, nenda na fomu yako ufukweni upime samaki 20 tu uone safu gani imekosekana. Ya 4 hadi ya 9 data. Ya 10 na 11 hesabu na sura ya nne. Ya 12 rasimu iwe mezani kwa msimamizi. Ya 13 marekebisho. Mbili za mwisho usiguse mradi, soma. Sura ya kwanza na ya pili andika wakati unakusanya data, jioni. Anayesubiri data ziishe ndipo aanze kuandika huwa anaandika sura tano kwa wiki mbili, na inaonekana.

---

pwani_kwetu

Mzee amemaliza upande wa namba. Mimi niongezee upande wa maji, maana kalenda ya chuo na kalenda ya bahari hazijawahi kukaa kikao kimoja.

Dada, wiki zako za data zinaangukia masika na mwanzo wa kusi. Kusi likikaza, ngalawa na mitumbwi hazitoki, zinakaa juu mchangani hata siku tatu nne mfululizo. Kwa hiyo kwenye siku 10 alizosema Mzee, panga 15. Ijumaa usiitegemee, wengi hawaendi au wanarudi mapema kwa ajili ya swala. Angalia pia kama Ramadhani au Idi inagusa wiki zako, kwa sababu saa za kushuka samaki zinabadilika kabisa.

Bamvua zinakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji mafu ni mwezi ukiwa nusu. Chukua kalenda ya mwezi, weka alama tarehe hizo kwanza, ndipo upange vipindi vya darasa unavyoweza kukosa. Ukipima bila kuandika ni bamvua au mafu, data huwezi kuirudisha nyuma kuipanga. Na kama kuna mwenzako anafanya dagaa, mwambie mapema kwamba vyombo vya taa hupumzika mwezi mpevu, asije akapanga wiki hiyo akakuta ufukwe mweupe.

Pale sokoni kuna mtego mmoja. Samaki hawafiki mnadani kama walivyotoka majini. Chombo kikigusa tu mchanga, wakubwa wanatolewa: wa mahoteli, wa mwenye chombo, wa dalali aliyekopesha mafuta. Wadogo wa kitoweo wanapewa mabaharia. Yale mafungu unayoyaona juu ya meza yameshachaguliwa. Ukipima pale, utaandika kwenye ripoti kwamba tasi wa Bagamoyo ni wa kati wote, na si kweli, ni kwamba wa kati ndio waliobaki mnadani. Kutana na chombo majini, maji ya magotini, kabla ndoo hazijamwagwa. Ongea na nahodha, chukua ndoo moja bila kuchagua ndoo, na ndani yake toa samaki bila kutazama ukubwa. Pima haraka, rudisha palepale. Dakika 5 kwa samaki 6 wanakuvumilia. Dakika 20 utaambiwa "mwanafunzi, samaki wanakauka".

Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni, tumboni na karibu na mkundu. Mshike kwa glavu nene au kitambaa kilicholowa, umlaze kwa kuanzia kichwani ili miiba ilale. Akikuchoma, chovya mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, dakika 30 na zaidi. Joto ndilo linaloivunja ile sumu. Barafu inaongeza maumivu tu. Mama ntilie yeyote pale sokoni ana birika motoni, usione haya kuomba. Jaribu joto la maji kwanza kwa mkono mzima, maana uliochomwa unaweza usihisi kama unaungua.

Vifaa: ubao wa kupimia, mzani wa kidijitali wa kilo 5 unaosoma gramu, ndoo ya lita 10, daftari gumu, na PENSELI. Wino wa kalamu ukikutana na maji ya chumvi unaondoka na utafiti wako. Mzani ukingie upepo kwa boksi la kadibodi, la sivyo namba zinacheza gramu 5 hadi 10, na kwa tasi mdogo hiyo ni nyingi. Piga picha kila aina ukiwa na rula pembeni, jina la mahali peke yake halitoshi. Changu si samaki mmoja.

Barua: chuo kinaandika, inakwenda halmashauri kwa Mkurugenzi Mtendaji (kama chuo kimeielekeza kwa Katibu Tawala wa Wilaya, anza huko), inashuka kwa afisa uvuvi, kisha mtendaji, kisha viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za uvuvi) pale ufukweni. Toa kopi tano kabla hujaanza kuzunguka, na kila meza igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye kopi YAKO. Ukifika kwa BMU mikono mitupu, hata kama nahodha ni mjomba wako, siku moja utaulizwa kibali mbele za watu.

---

binti_nianjema

Nashukuru sana sana. Mada ya tasi nimeipenda, madema yapo ya kutosha. Nilitaka pia niwahoji wavuvi kuhusu kipato, angalau 30, ili sura ya nne inenepe. Na kwenye hesabu, darasani tumefundishwa Excel tu, wenzangu wananiambia bila SPSS hupati A.

---

Mzee_wa_Takwimu

Kipato kiache. Mada mbili kwenye ripoti moja ni marekebisho mara mbili. Na mvuvi ukimuuliza "kwa mwezi unapata shilingi ngapi" atakupa namba ya kukuridhisha tu, kwa sababu hana mshahara wa mwezi. Kama msimamizi ameshikilia, uliza safari ya mwisho peke yake: mlishusha kilo ngapi, mliuza bei gani, mafuta na chakula vilikula kiasi gani, mlikuwa wangapi, na mgao ulikwendaje kati ya chombo, zana na mabaharia. Kipato unakipiga mwenyewe baada ya hapo. Tafsiri ya maswali iandike mara moja kwenye karatasi na uisome vilevile kwa kila mtu. Ukitafsiri papo kwa papo, mvuvi wa kwanza na wa ishirini wanakuwa wamejibu maswali tofauti.

SPSS haimpi mtu A. Kwa kazi yako Excel inatosha na inabaki. Safu A urefu (sm), safu B uzito (g). Safu C andika =LN(A2), safu D =LN(B2), buruta hadi chini. Kisha =SLOPE(D2:D301,C2:C301) inakupa b, na =EXP(INTERCEPT(D2:D301,C2:C301)) inakupa a. Hiyo ndiyo fomula ya W = aLᵇ, W ikiwa uzito na L urefu. Kwa samaki wengi b inakaa karibu na 3. Ukipata 1.8 au 4.5 usikimbilie kuandika ugunduzi, tafuta kosa la kuingiza: nukta iliyoruka, kilo zilizoandikwa badala ya gramu, urefu wa milimita katikati ya sentimita. Chora nukta zote kwanza kabla ya hesabu yoyote. Inayokaa peke yake mbali na wenzake rudi nayo kwenye daftari. Kipimo cha haraka: urefu ukizidi mara mbili, uzito uzidi karibu mara nane. Kama tasi wa sm 28 umemwandika gramu zilezile za tasi wa sm 14, mmoja kati yao ni uongo.

Urefu wenyewe nao uamue siku ya kwanza: hadi ncha ya mkia, au hadi panda ya mkia (pale mkia unapogawanyika). Vyovyote, ila kimoja tu na ukitaje sura ya tatu. Mikia ya samaki wa madema mara nyingi imekatika kwa kugonga kuta za dema, kwa hiyo panda ni salama zaidi. Na usomaji uwe wa kushuka chini hadi nusu sentimita iliyopita, kila samaki. Ukichanganya kupandisha na kushusha, grafu inatoa vilima ambavyo havipo baharini.

---

kijana_wa_kampasi

Yote haya ya nini? Kuna jamaa wanaandika ripoti nzima, unalipa, unasubiri. Data wanatunga wenyewe.

---

Mzee_wa_Takwimu

Na jopo litauliza ulitumia mzani gani, dema lina macho ya ukubwa gani, na kwa nini tarehe fulani huna samaki hata mmoja. Data za kutunga zinajitangaza: hazina siku ya dhoruba, uzito wote unaishia na 0 au 5, na b inatoka 3.00 kamili. Halafu huyo aliyekuandikia amemuuzia kazi hiyohiyo mtu wa chuo kingine kwa kubadilisha jina la mwalo. Tuendelee.

---

dalali_wa_vyumba

Kuhusu chumba, mdogo wangu. Usisubiri mkataba uishe ndipo uongee. Mwenye nyumba ukimfuata siku ya mwisho, yeye anaona mtu mwenye shida na mtihani, bei ni yake. Mfuate miezi miwili kabla na ombi la kulipa mwezi kwa mwezi mpaka unapomaliza, tarehe ikatajwa. Wengi wa Magomeni, Nianjema na Majani Mapana wanakubali nyongeza ya mwezi mmoja au miwili kwa mwanafunzi anayeondoka, kwa sababu chumba kikikaa wazi katikati ya mwaka wa masomo si rahisi kupata mtu. Cha kumpa badala yake ni ruhusa ya kuonyesha chumba kwa mteja mwingine kuanzia wiki ya mwisho. Hilo linamtuliza kuliko maneno.

Akikataa katakata, hamia kwa mwenzako mchangie kodi huo mwezi, vitu vikubwa uza mapema. Godoro, kabati la nguo na jiko havina bei wiki ambayo chuo kizima kinauza. Ukitangaza wiki sita kabla, unauza kwa bei yako na unakubaliana na mnunuzi achukue siku ya kuondoka. Mtungi wa gesi usiuuze kwa kukadiria kwa macho: upime, toa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye mkono wa mtungi, kilichobaki ndiyo gesi.

Luku ya pamoja ndiyo chanzo cha ugomvi wa mwisho. Siku ya kukabidhi, piga picha mita, piga picha chumba, ufunguo mpe mwenye nyumba mkononi mbele ya mpangaji mwingine, na akuandikie karatasi kwamba hakudai. Mstari mmoja unatosha. Kama uliweka dhamana, itaje humo.

---

karani_wa_mitihani

Nimesoma juu, naona wote wamekazania mradi. Mradi unastahili, lakini tuanze na hiyo 2.9.

Kwa mwenye diploma anayetaka digrii, kigezo cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu usiopungua D nne za kidato cha nne, na kozi nyingine zinaongeza masharti yake. Halafu vyuo vingi GPA haikadiriwi kwenda juu. Inakatwa nukta ya kwanza. 2.96 inasomeka 2.9. Kwa hiyo lengo lako liwe kuvuka, si kugusa.

Mradi unaingiaje hapo? GPA ni jumla ya (krediti × pointi) kugawa kwa jumla ya krediti. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Tuseme hesabu ya tuzo yako ina krediti 120 na mradi una 12. Mradi ukipata B unaingiza 36, ukipata A unaingiza 60. Tofauti ya 24 ukigawa kwa 120 ni 0.2. Yaani mradi peke yake unaweza kukutoa 2.9 ukakuweka 3.1. Chukua prospektasi ya chuo chako, andika krediti halisi za kila moduli, upige mwenyewe. Utaona moduli ipi ya kuipa usiku wako na ipi ya kupita tu.

Sapu: vyuo vingi vinaweka kikomo cha C hata ukipata 90. Kwa hiyo isome vya kutosha kufaulu kwa usalama, usiipe muda wa moduli ambayo bado ina A ndani yake. Ila usiidharau, maana sapu iliyoanguka inageuka keri (moduli unayobeba kuirudia baadaye), na keri mwaka wa mwisho maana yake hukai kwenye orodha ya wahitimu na wenzako. Maksi za ndani (kozi weki) zikibandikwa ubaoni, nenda ukaangalie siku hiyohiyo na jaribio lako mkononi. Zero iliyotokana na karatasi kusahaulika inasahihishwa kwa dakika kumi kabla ya kikao cha matokeo. Baada ya kikao ni barua, ada ya rufaa na kusubiri.

Majina. Hili lifanye WIKI HII. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA na kadi ya chuo. Soma herufi kwa herufi: Mwanahamisi na Mwanahamis, Juma na Jumaa, jina la kati lililoachwa. Chuo kinafuata cheti cha kidato cha nne, na cheti chako cha diploma kitachapwa hivyo. Kama NIDA imeandika tofauti, anza kurekebisha NIDA sasa ukiwa na muda. Kiapo cha wakili kinasaidia pale ambapo ni herufi tu. Jina likiwa jingine kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Klirensi (saini za kuthibitisha hudaiwi): maktaba, stoo au maabara, hosteli kama uliwahi kukaa, mhasibu, mkuu wa idara, kisha msajili. Mhasibu ndiye anayechelewesha, na si kwa ubaya. Malipo yasiyopita kwenye kontrol namba hayaonekani kwenye mfumo, na kontrol namba iliyotolewa mwaka wa kwanza inaweza kuwa imeisha muda hujalipa. Omba taarifa ya akaunti yako wiki ya 8 au 9, wakati foleni haipo. Linganisha na risiti zako. Kitabu cha maktaba kilichopotea kilipe au kinunue mapema, kwa sababu saini hiyo moja inashikilia nyingine zote.

Baada ya matokeo: kama unaomba digrii utahitaji AVN, ile namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), na haitoki mpaka chuo kiwe kimepeleka matokeo yako kule. Fuatilia idara ya taaluma, usikae unaangalia simu. Na kama unawaza ajira za serikali kupitia Ajira Portal, matangazo yao yanakataa matokeo ya muda na hati za matokeo. Wanataka cheti chenyewe, nakala ikiwa imegongwa muhuri wa wakili. Kwa hiyo cheti kikitoka kachukue. Usikipeleke lamineshen, kinaharibika kwa joto na ukitaka kukithibitisha mbele ya safari inakuwa shida.

Mwenye mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi (najua diploma si wote) aingie kwenye akaunti yake aone deni kamili kabla hajaondoka, maana ukiajiriwa mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Bima ya afya ya mwanafunzi nayo ina tarehe ya mwisho. Iangalie.

---

steshenari_ya_kona

Fupi tu, kuhusu kuchapa.

Njoo na PDF, usije na Word. Kompyuta ya steshenari ikiwa na toleo jingine la Word au haina fonti yako, kurasa zinaruka, jedwali linakatika katikati, na yaliyomo yanaonyesha kurasa zisizokuwepo. Kabla ya kutoa PDF, bofya kulia kwenye yaliyomo uyasasishe. Kurasa za mwanzo za namba za kirumi na za sura za kawaida zinatengwa kwa kuvunja sehemu (si kuvunja ukurasa), halafu unazima ile ya kufuata sehemu iliyotangulia. Pambizo ya kushoto acha sm 3.8, la sivyo jalada gumu linameza herufi za mwanzo wa mistari.

Nakala za msimamizi funga kwa spiro. Jalada gumu ni baada ya saini ya marekebisho, kwa sababu likishafungwa ukurasa mmoja haubadilishwi, unarudia kitabu chote. Grafu zako ziwe na alama tofauti, si rangi peke yake, maana nakala nyingi zitatoka nyeusi na nyeupe, na bluu na nyekundu zinafanana kabisa.

Flashi za mabandani zina virusi vya kuficha mafaili. Tuma kwa barua pepe yako mwenyewe, na ufute kwenye kompyuta ya duka kabla hujaondoka.

---

binti_nianjema

Mungu awabariki. Barua ya chuo naiombea kesho, na NIDA nimeangalia: herufi moja imezidi kwenye jina la babu. Nimebakiwa na la mwisho: ubao wa kupimia. Chuoni upo mmoja na tuko wengi. Naweza kutumia tape ya fundi nguo?

---

pwani_kwetu

Hapana. Ya fundi nguo inavutika ikilowa, na ukiilaza juu ya samaki inafuata unene wa tumbo, kwa hiyo tasi aliyeshiba anaonekana mrefu kuliko mwenye njaa.

Nenda kwa seremala, omba ubao uliopigwa randa, urefu sm 60, upana sm 15. Kichwani apigilie kipande cha mbao kisimame wima, pembe mraba, urefu wake sm 8 hivi. Hapo ndipo pua ya samaki inagusa. Nunua rula ya chuma ya sm 50, ibane katikati ya ubao kwa skrubu mbili fupi. Angalia alama ya sifuri. Rula nyingi zina nafasi ya milimita chache kabla ya sifuri, kwa hiyo mwambie achonge kijishimo chini ya kile kipande, rula iingie mpaka sifuri yenyewe iwe sawasawa na uso wa mbao. Asipofanya hivyo, samaki wako wote 300 watakuwa na kosa lilelile na hutaliona kwenye grafu.

Paka vanishi mara mbili, acha ikauke siku nzima. Mdomo wa samaki uwe umefungwa ukisukuma pua kwenye kipande. Suuza na maji yasiyo ya chumvi kila ukimaliza, rula ya chuma na chumvi hazipatani.

---

Mzee_wa_Takwimu

Na ubao wako ukiwa tayari, pima nao samaki 10, kisha pima haohao kwenye ubao wa chuo. Andika tofauti sura ya tatu, hata ikiwa sifuri. Jopo linapenda mstari huo.

Hiyo herufi ya NIDA usiiache ikalala.